Makoti wa Miguu Minne

Mimi mbwa siwapendi, niseme mapema tusije tukalaumiana. Mbwa ananuka, mbwa anajilamba pasipotajika kisha anakuja kukulamba uso. Kwa hiyo jirani yangu Nophumzile, ambaye mtaa wetu wote wa Mdantsane tunamwita MaCirha kwa ukoo wa baba yake, aliposhuka kwenye gari la kituo cha wanyama akivuta jibwa kubwa kuliko kochi langu, nilisimama uani nikapaza sauti:

"MaCirha! Hilo utalilisha nini, watu?"

"Nitaanza na wewe, MaDlomo," akajibu bila hata kugeuka. "Una mafuta."

Ndivyo alivyo. Ni kamwanamke kafupi kama kigoda, mjane, dobi wa hospitali aliyestaafu, na ana sauti ya kwaya nzima. Alhamisi anavaa blauzi yake nyekundu na kofia nyeupe aende kusali na akina mama wa kanisa, na akirudi, kabla hajaivua kofia, ameshamtukana mwenye duka, mbwa wa mwenye duka na marehemu mama wa mwenye duka.

Wezi walikuwa wamempitia mara mbili. Mara ya pili walibeba hadi sufuria iliyokuwa jikoni na mchuzi wake ndani. Televisheni aliisamehe, ila mchuzi ulimuuma. Akapanda kwenda mjini kwenye kituo cha wanyama, akamwambia msimamizi pale, Charlene Goliath, kwamba anataka mbwa mkali, mbaya wa sura na mwenye njaa. Charlene ni mwanamke mwembamba asiyetoa sigara mdomoni. Akamwambia mbwa wakali wameisha, amebaki mmoja mkubwa tu. Huyo ni boerboel, yale majibwa ya mashamba ya Makaburu yanayolinda ng'ombe, na walimtoa kwa mtu aliyekuwa akiwazalisha mbwa kama kuku wa mayai. Maisha yake yote alifungwa kwenye banda la bati. Anapandishwa, anazaa, watoto wanachukuliwa, anapandishwa tena. Sasa kazeeka, hazai, na mtu akimsogelea anajikojolea.

"Ila kwa sura anatisha," MaCirha akasema.

"Kwa sura anatisha sana," Charlene akakubali.

Wakapatana hivi. MaCirha atamlea msimu wa baridi tu, chakula kitatoka kituoni. Majira ya mvua yakikaribia, Charlene atakuja na mgeni. Mgeni akiweza kumgusa, mbwa atapata kwao pa kudumu. Asipoweza, ni sindano. "Kituo kimejaa, mama," Charlene akamwambia. "Mbwa asiyegusika hachukuliwi na mtu, na mimi siwezi kumrudisha ndani ya banda mpaka afe."

Basi likaingia jibwa letu. Lilipita jikoni, likaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, likageukia ukuta, likakaa. Mtaa mzima ukaja kumwona simba, ukakuta matako ya simba. MaCirha alipochukua ufagio kufagia tope walilomletea, mkojo ukatiririka hadi kwenye kapeti la sebuleni.

"Khaa!" nikasema. "Mlinzi huyu, mwizi akija, atampa kiti akae."

"Ole wako useme nje," MaCirha akaninyooshea kidole. "Ole wenu nyote. Mkitoka hapa, mmeona chui."

Tukawa waongo mtaa mzima. Ukipita langoni kwake unapiga kelele, "MaCirha, shika mnyororo, jamani, lisije likatuua!" na huko jikoni mnyama mwenyewe anatetemeka kwa sababu kuku ameingia kuokota punje. Mwenye duka aliapa kwamba limemng'ata fundi wa bomba. Wala hatuna fundi wa bomba. Lakini wezi hawakurudi, nami kwa mara ya kwanza nikaanika blanketi langu nje nikalala usingizi.

Jina nilimpa mimi. Kule alikotoka alikuwa na namba tu, imechorwa sikioni. Siku moja nimekwenda kuomba chumvi, namwona amekaa pale pale pembeni, kichwa chini, macho sakafuni, kimya. Nikacheka nikashika mbavu.

"MaCirha, huyu si mbwa. Huyu ni makoti!"

Maana kwetu makoti, yaani mke mgeni, akiletwa anakaa hivyo hivyo. Anawekwa nyuma ya mlango juu ya mkeka, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, haongei, hamtazami mtu, mpaka wakwe wachinje mbuzi na kumpa jina la nyumbani kwao. Nikasema huyu naye apewe. Nikamwita Nozintloni, mama mwenye haya. MaCirha akatikisa kichwa, akasema mimi nina wazimu, na jioni ile ile nikamsikia kupitia ua, "Nozintloni, mwanangu, kula."

Namna alivyomlea ilinichekesha kwanza. Alileta kreti la bia, akaligeuza, akakaa akimpa mgongo. Anamenya viazi, anamsimulia umbeya. Nani kanisani ana mimba, nani ameiba sadaka, mchungaji gani ananuka kikwapa. Anazungusha mkono nyuma na kipande cha ini mkononi, hatazami. Mwanzoni ini linakauka mkononi, mwenyewe anasinzia. Baadaye likawa linaondoka. Baadaye kabisa mkono ukawa unalambwa, na MaCirha akija kwangu ananionyesha kiganja kama mtu aliyepewa nishani.

"Nawa," nikamwambia.

Kisha vitu vikaanza kupotea. Kandambili moja ya MaCirha, kitambaa changu cha vyombo kutoka kwenye kamba, soksi ya mjukuu wa jirani, na mwisho kofia nyeupe ya Alhamisi yenyewe. MaCirha aliwatukana wezi siku nzima. Ndipo tukachungulia nyuma ya mlango. Nozintloni alikuwa amelala mviringo, amevizungushia vile vitu tumbo lake na hayo matiti yanayoning'inia, anailamba kandambili polepole, anaigeuza kwa pua, anailamba upande wa pili.

MaCirha aliitazama kofia yake iliyoloa mate.

"Anadhani ni watoto," akasema. "Wale mashetani hawakumwachia hata mmoja."

Kofia hakuichukua. Alhamisi alikwenda na kilemba, akasemwa kanisa zima, akawajibu nisivyoweza kurudia hapa. Mimi nilirudi nyumbani nikakaa muda mrefu bila kupika. Nikajikasirikia, kwa sababu mbwa ni mbwa.

Tatizo ni kwamba msimu ulikuwa unakatika na Nozintloni alikuwa hagusiki na mtu mwingine yeyote. Mkono wa MaCirha tu. Mimi nikiingia, anajibana ukutani kama anataka kupita ndani yake. Charlene akapiga simu: amepata mzee mmoja wa Gonubie anayetaka boerboel mtu mzima, atamleta Jumamosi inayofuata, basi wajitahidi. MaCirha akaweka simu mezani.

"Wataniulia, MaDlomo," akasema. "Nimemlisha msimu mzima ili wamwue akiwa mnene."

Sikuwahi kumwona MaCirha akikosa tusi. Hilo ndilo lililonitisha.

Sasa, Jumapili kabla ya hiyo Jumamosi, shemeji yake Tata Zweli alikuja kuchinja mbuzi, kuwashukuru wazee wa ukoo kwa sababu mwanawe amepata kazi bandarini. Tata Zweli, Tata yaani baba, kwa heshima, ni kaka wa marehemu Wandile, mume wa MaCirha. Ni mrefu, mkavu, na anatembea na fimbo asiyoihitaji. Nyumba ya kaka yake anaiona bado ni nyumba ya ukoo, na MaCirha humo ndani ni mgeni aliyekaa sana. Wanaume walikuwa zizini na pombe yao, sisi wanawake jikoni na masufuria ya makande, na sisi pia tulikuwa na pombe yetu, nisidanganye.

Mimi ndiye niliyeanza. Nikachukua kisu, nikakata kipande kwenye mkono wa kulia wa mbuzi, kile kile cha utsiki, anacholishwa makoti ili apokewe, nikakichoma. Nikamimina maziwa mgando kwenye bakuli. Nikasema, "Akina mama, nyumba hii ina mke mgeni tangu majira ya baridi yaanze, na mpaka leo hajalishwa utsiki! Ndiyo maana hatoki. Ningekuwa mimi nisingetoka pia."

Wakalipuka kwa vicheko. Mmoja akamfunika Nozintloni mtandio mgongoni. Tukakaa chini sakafuni tukajipanga, miguu imenyooshwa, tukaanza kumfunda kama inavyopaswa.

"Makoti, hapa unaamka kabla ya jogoo!"

"Makoti, mkwe akikutukana, unasema asante!"

"Makoti, mume akirudi amelewa, mvue viatu, usimvue meno!"

"Meno mvue!" MaCirha akadakia, na tukacheka hadi machozi.

Tulicheka sana hata tukasahau kumtazama. Nami kwa pombe yangu nikazidisha. Nikawaita wazee wa ukoo wa Wandile kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, nikawaambia huyu hapa ni wenu, ameletwa, mpokeeni. Huo mdomo wangu! Nikanyoosha mkono na nyama, nikiwa nimegeuka upande kumjibu mtu. Nikahisi ndevu. Kisha ulimi. Nyama ikaondoka, na kile kichwa kizito, kizito kama mfuko wa unga, kikashuka kwenye paja langu na kukaa hapo.

"Msipumue," MaCirha akanong'ona.

Hatukupumua. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake. Kilikuwa na joto. Akatoka na mtandio wake mgongoni, akapita miguu yetu mmoja mmoja akinusa, akanywa maziwa mgando akachafua sakafu nzima. Mimi nilikuwa nalia kama mpumbavu na nikasingizia vitunguu.

Hapo ndipo Tata Zweli akatokea mlangoni kuulizia nyama.

"Mkono wa kulia umepungua," akasema. Akaangalia bakuli, akaangalia mtandio, akaangalia mbwa. "Mmefanya nini?"

Mtu mmoja akaanza kucheka tena, akajizuia.

"Nimesikia majina ya baba zangu kutoka zizini," akasema. "Nani amewaita?"

"Ilikuwa utani, Tata," nikasema.

"Wafu hawatanii. Mmewaambia ni wa kwetu, amekula, basi ni wa kwetu. Hatoki humu."

Akachukua nyama yake akaondoka. Tulimcheka hadi jioni, isipokuwa MaCirha. Yeye alikuwa anakuna sikio lenye namba, na nilimwona usoni kwamba maneno yale yamemkaa vizuri mno.

Jumamosi ikafika. Tata Zweli alikuwa amekuja kuchukua sufuria lake kubwa, au ndivyo alivyosema. Charlene akaegesha, sigara mdomoni, na nyuma yake gari jingine kuukuu. Akashuka mzee mnene wa watu, Fikile Mqolo, mkaguzi wa mabasi aliyestaafu, analalamika tangu anafungua mlango wa gari: magoti, barabara, serikali, magoti tena. Nozintloni alipomsikia akarudi nyuma ya mlango. MaCirha alikuwa amevaa nguo za kanisani, na haikuwa Alhamisi.

"Samahani, mama, naomba nikae popote," Fikile akasema, "la sivyo utanizika hapa." Akakaa kwenye kreti la bia, likalia. Akaendelea kuyasema magoti yake, akiyasugua. Hata kumwangalia mbwa hakumwangalia. Sisi tumejibanza ukutani. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya MaCirha kama mtoto.

Pua ikatokea. Ikanyooka kuelekea suruali ya mzee, ikanusa goti, ikanusa pindo, ikarudi kwenye goti. Ikavuta pumzi ndefu, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Mwili mzima ukafuata. Fikile akashusha mkono taratibu, akauweka shingoni mwake, na Nozintloni akabaki. Sakafu ikabaki kavu.

"Ananusa yule bibi wangu," Fikile akasema. "Nina mmoja kama huyu, kibogoyo. Dada yake alikufa mwaka jana na tangu hapo hataki kula. Nimemwacha garini."

Charlene akatoa sigara mdomoni. "Amefaulu," akasema. "MaCirha, sikuamini. Amefaulu, hachomwi tena." Kisha akatutazama wote, akaona nyuso zetu. "Sikiliza, mama. Ukitaka kumweka wewe, sema. Mimi sina shida. Nitamtafutia mzee mwingine."

"Hakuna cha kusema," Tata Zweli akaingia kati. Akapiga sakafu kwa fimbo. "Mbwa huyu ameshalishwa katika nyumba ya kaka yangu. Wazee wamepewa jina lake. Anayemtaka arudi na ng'ombe, tukae kikao, na hata hivyo tutakataa."

Fikile akasimama haraka kuliko magoti yake yalivyoruhusu. "Mimi sikuja kuchukua mke wa watu," akasema.

Basi kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni MaCirha anyamaze tu. Asingehitaji hata kusema anamtaka. Lawama yote ingemwangukia Tata Zweli, na mbwa angebaki jikoni na kofia yake. Nilimminya mkono: nyamaza, nyamaza. Naye alimtazama Nozintloni anavyonusa ile suruali.

"Zweli," akasema, wala hakusema Tata, "mimi mliponikalisha nyuma ya mlango huu nilikuwa na miaka kumi na minane. Mlinilisha nyama. Mliwaita hao hao wazee. Mkacheka, na mimi nilikuwa natetemeka hivi hivi. Kuna aliyeniuliza?"

"Usianze mambo ya zamani mbele ya wageni."

"Nakuuliza. Wewe ulikuwepo, ulikuwa unakula. Kuna mtu aliyeniuliza kama nataka kukaa?"

Tata Zweli akaanza kuichunguza fimbo yake.

"Basi huyu anaulizwa," MaCirha akasema.

Akamvua Nozintloni ukanda wa shingoni. Akafungua mlango wa jikoni wote, akatoka, akafungua na lango. Kisha akarudi akasimama katikati ya ua, mikono imekunjwa, akatuamrisha wote tusimwite mtu, tusimpigie mluzi mtu, na atakayesogea atamvunja mguu.

Nozintloni alikaa kizingitini muda mrefu. Alimtazama MaCirha. Nikajisemea, haya, njoo, njoo hapa kwa mama yako, mbwa mjinga we. Kutoka kwenye gari la Fikile ikatoka sauti, hata kubweka haikuwa, ni mguno wa ajuza kibogoyo. Masikio ya Nozintloni yakasimama. Sikujua kwamba yanaweza kusimama. Akashuka ngazi, akapita karibu na MaCirha hadi ubavu ukagusa sketi, akaendelea. Langoni akaanza kukimbia. Mbele ya mtaa mzima uliokuwa umejipanga kuona chui, akakimbia na matiti yake yakipiga huku na huku, mkia umesimama, akaingia kwenye gari la watu.

Hata mguno wa kuaga hatukupata. Fikile alitoa mkono kwa MaCirha, akasema maneno ya shukrani ambayo hayakusikika vizuri, akaondoka. Charlene naye akaenda. Tata Zweli alibeba sufuria lake, akapita lango lililo wazi bila kutuaga.

"Hakugeuka," MaCirha akasema. "Umeona? Mshenzi yule hakugeuka hata kidogo."

"Ulitaka ageuke?"

"Nilitaka ang'ang'anie nguzo ya lango kwa meno. Nilitaka alie mtaa usikie." Akajifuta pua na mkono wa blauzi ya kanisani. "Mimi nilikuwa nageuka, MaDlomo. Waliponileta hapa, nilikuwa natoka pale langoni kila siku kuangalia njia ya kwetu. Mpaka nilipozaa mtoto wa kwanza. Na hakuna gari lililokuja." Akavuta pumzi. "Yule hakugeuka hata mara moja. Nimefanya kazi nzuri mimi, sivyo?"

"Umefanya kazi nzuri," nikasema.

"Basi usinisimamie hapo unalia. Nenda kalete ndoo, tupige deki. Jikoni kunanuka mbwa."